Ruhusa ya Kupita Kilima cha Lich

Tulimpitisha mume wangu Clem Stickland juu ya Kilima cha Lich siku ya Ijumaa, katikati ya Februari mwaka 2003, mvua ikinyesha ile nyembamba isiyo na haraka. Wanaume sita walibeba jeneza. Walipofika geti la chini wakakuta kufuli. Hakuna aliyeshangaa, maana kufuli lilikuwa pale mwaka wa tatu huo, tangu Bwana Tresham aliponunua shamba lote la kilima na kutundika kibao cha kusema hapana njia.

Perce Dibben, jirani yetu, alikuwa mbele upande wa kulia. Alitazama kufuli, kisha akatazama bawaba.

"Mshusheni kidogo, jamani," alisema. "Leo Clem hana haraka."

Wakaling'oa geti zima kutoka kwenye bawaba zake na kulilaza majanini, kufuli likiwa limefungwa vilevile.

"Hatujavunja kitu, Thirza," Perce akaniambia, maji yakimchuruzika puani. "Tumelilaza tu lipumzike."

"Wewe mzee acha mzaha, beba," mkewe Olive akamkemea. Olive ndiye mwenye duka la kijiji, na sauti yake imezoea kufika mpaka kwenye rafu ya nyuma. Alinishika mkono. "Maiti ikishapita hapa, imekwisha. Njia ni ya watu wote mpaka siku ya kiama, Tresham apende asipende."

Sote kijijini kwetu Combe tuliamini hivyo. Mimi nilifundishwa na bibi yangu kabla sijajua kufunga kamba za viatu: mahali palipopitishwa maiti hapafungiki tena. Hata jina la kilima tulilichukua kuwa ushahidi, kwa sababu katika maneno ya kale ya watu wetu lich ni maiti.

Combe haina makaburi, wala haijapata kuwa nayo. Kanisa letu na wafu wetu wako Amery, upande wa pili wa kilima, na tangu zamani zisizo na hesabu waliokufa Combe wamepandishwa mabegani na kuteremshwa upande ule. Kwa miguu ni mwendo wa dakika arobaini, hamsini kwa mtu wa umri wangu. Kwa barabara ni maili saba kuzunguka, na basi liliacha kuja zamani. Mimi sijui kuendesha gari. Kule Amery amelala binti yetu Ruth, aliyeishi siku kumi na moja, na kwa karibu miaka arobaini mimi na Clem tulikwenda kumwona kila Jumapili. Kufuli lilipokuja, vijana na hata Perce waliruka geti. Clem alikataa.

"Kuruka geti la mtu?" alisema. "Mimi si kondoo."

Kwa hiyo tulizunguka kwa barabara, tukitembea ukingoni mwa lami huku malori yakitupiga upepo, mpaka kifua chake kikakataa. Baada ya hapo tulikwenda pale Olive alipokuwa na nafasi kwenye gari lake. Mwaka wa mwisho wa uhai wake, Clem aliliona kaburi la Ruth mara nne.

Siku ile tulipanda kupitia msitu mdogo wa miti ya heseli, ambamo Clem alikuwa akikata fito za kusukia nyua za kondoo. Juu ya msitu udongo unaisha na chaki inaanza, nyeupe, inayoteleza ikilowa, na suruali nyeusi za wabebaji zikawa kama zimemwagikiwa uji. Tulivuka handaki na boma la udongo la watu ambao hakuna aliyehifadhi majina yao. Tukapita tuta la duara, kaburi la kale, ambalo kasisi mmoja wa enzi za baba wa babu yangu alilichimba, akapata kikombe na taya, akaenda navyo nyumbani ndani ya boksi la kofia. Hakuna ajuaye viliishia wapi. Wakati wa vita serikali iliamuru kilele kilimwe viazi, na hadi leo plau ikigusa pale inainua vigae. Wakati wa hofu nyingine, ya zamani zaidi, moto wa ishara uliwashwa hapo watu wajue meli za adui zimeonekana. Kila enzi imepanda pale kwa shida yake na kuteremka.

Katikati ya njia kuna jiwe bapa, refu kama meza ya jikoni. Wabebaji hupumzisha jeneza hapo. Walimweka Clem juu yake, wakanyoosha migongo, na chupa ya Perce ikazunguka. Mimi nilitazama upande mwingine. Jiwe lile nalijua.

Baada ya mazishi Olive alianza kazi. Alikwenda mjini kwenye ofisi ya halmashauri, akarudi na fomu bunda zima, akatuita dukani mmoja mmoja.

"Sikiliza," aliniambia, akikata jibini la mteja huku akinieleza. "Sheria inataka tuwe tumepita miaka ishirini. Bila kujificha, bila kutumia nguvu, na bila kuomba. Hilo la tatu ndilo kubwa. Mtu akiomba, amekubali kwamba njia si yake, ni ya yule aliyempa. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi jaza."

Nilijaza nyumbani, kwa kalamu ya Clem, na nilipomrudishia aliipitia kwa kidole.

"Umeruka swali."

"Lipi?"

"Usinifanye mjinga, Thirza. Hili hapa. Je, uliwahi kuomba ruhusa ya kupita? Watu thelathini na mmoja wamejibu, umebaki wewe."

"Sijui niandike nini."

"Unaandika hapana! Wewe ulimwomba nani?"

"Mimi sikumwomba mtu."

"Basi si hilo? Andika."

Niliandika hapana palepale juu ya kaunta. Ilikuwa kweli. Mimi sikuomba.

Aliyeomba ni Clem.

Nitaeleza ilivyokuwa, kwa sababu nimebaki peke yangu ninayejua, na miaka yangu ni sitini na sita.

Ruth alizaliwa Januari 1963, theluji ikiwa imeshafunga barabara tangu siku ya pili ya Krismasi. Daktari hakuweza kufika. Mkunga alikuja kwa miguu mara mbili, mara ya tatu akashindwa. Mtoto alipokufa Clem alitengeneza sanduku kwa mbao za kabati letu, akaliweka barazani penye baridi, na tukangoja theluji iyeyuke. Haikuyeyuka. Siku ya sita akavaa koti akaenda shambani kwa Bwana Hedley Loder, mwenye kilima wakati ule. Bwana Loder hakuwa mtu wa kupendwa. Alikuwa amegombana na nusu ya Combe kwa sababu ya mbwa, na nusu ya pili kwa sababu ya mipaka. Clem alisimama mlangoni kwake akasema anaomba kupita na mtoto wake.

Saa moja baadaye tulisikia trekta. Bwana Loder na vibarua wake wawili walichimba njia kutoka geti la chini mpaka kwenye boma, theluji ikiwa kifuani mwa mtu. Pale trekta ilipokwama, Bwana Loder alishuka, akavua kofia, akatangulia kwa koleo. Clem alibeba sanduku mwenyewe kwa mikono miwili. Lilikuwa jepesi kama kikapu cha mayai. Tulipofika kwenye jiwe alitaka kuendelea.

"Weka chini," Bwana Loder akasema.

"Halina uzito, bwana."

"Najua. Weka. Wote hupumzika hapa."

Alilifuta jiwe theluji kwa mkono wa koti lake, na Clem akaweka sanduku. Vibarua walikuwa wamebaki na trekta, tukasimama sisi watatu kando ya jiwe. Kule Amery walikuwa wamewasha moto juu ya kaburi usiku na mchana ili ardhi ichimbike, na Ruth alizikwa kwenye udongo wenye majivu.

Mwaka uliofuata, Februari mbili, Sikukuu ya Mishumaa, Clem aliondoka asubuhi akiwa amevaa tai. Mkononi alikuwa na fimbo mpya ya heseli, na chini ya kishikio amechonga mwaka. Nilimwuliza anakwenda wapi.

"Kwa Loder."

"Kufanya nini?"

"Kumwomba kupita kilimani."

Nilicheka. "Clem, ile njia watu wanapita tangu Nuhu. Nani anaomba?"

Yeye hakucheka. "Mtu aliyetufungulia njia vile," alisema, "siwezi kukatiza mbele ya mlango wake kama mbwa."

Alikwenda kila mwaka. Mara moja nilifuatana naye, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu. Alivua kofia akasema, "Bwana Loder, watu wa Combe wanaomba ruhusa ya kupita kilimani mwaka huu." Na Bwana Loder, bila kutabasamu, akapokea fimbo na kusema, "Piteni, Stickland. Na mfunge mageti." Basi. Hawakukaribishana hata chai. Tulirudi nyumbani Clem akiwa mwepesi wa miguu, kama mtu aliyetoka kuungama.

Alisema watu wa Combe kwa sababu kuomba kwa ajili yake peke yake aliona ni choyo. Hakuwaambia watu wa Combe. Alijua Perce angemcheka kwa mwaka mzima.

Bwana Loder alikufa 1996. Mwanawe alikaa mjini, na nyumba ikabaki tupu miaka mitatu. Clem aliendelea kwenda, akauambia mlango uliofungwa maneno yale yale, akaegemeza fimbo, akarudi. Kisha Bwana Tresham akanunua. Februari mbili mwaka 2000 Clem alivaa tai. Alirudi bila fimbo na hakutaka kula.

"Amesemaje?"

"Amesema atalifikiria."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Muungwana. Ameniuliza maswali mengi."

Wiki ile ile kufuli likawekwa. Hatukulizungumza hata siku moja. Wakati mwingine nilimkuta amesimama dirishani anatazama kilima, mikono nyuma, nami nikarudi jikoni polepole asijue nimemwona.

Kikao cha kusikiliza madai yetu kilifanyika Oktoba mwaka ule ule katika ukumbi wa kijiji. Serikali ilituma mkaguzi, mwanamke wa makamo mwenye mafua na sanduku la karatasi, akaketi jukwaani kwenye meza ya mashindano ya keki. Bwana Tresham hakuja, alimtuma wakili. Watu wote wa Combe walikuwepo na makoti yao, maana mashine ya joto ya ukumbi ina kelele kuliko joto.

Olive alianza. Alisimulia wafu wote waliopitishwa kilimani tangu enzi za nyanya zake, mpaka Clem. Mkaguzi aliandika kila kitu, akapenga kamasi, kisha akasema kwa upole kwamba imani hiyo ameikuta nchi nzima, kila mahali watu wana uhakika nayo, lakini haimo katika sheria. Maiti haifanyi njia.

Nyuma yangu Perce akanong'ona, "Basi tumemlowesha Clem bure."

"Nyamaza," Olive akamwambia. Alikuwa amebadilika rangi. "Bado tuna miaka ishirini yetu."

Miaka ishirini yetu ilikuwa imara. Mmoja baada ya mwingine walisimama wakasema walipita tangu utoto, mchana kweupe, na hawakumwomba mtu. Wakili hakubishana nao. Alimwuliza kila mmoja swali moja tu. Alinyanyua fimbo kutoka chini ya meza.

"Mteja wangu anasema Februari mbili mwaka 2000 mzee mmoja alikuja mlangoni kwake na fimbo hii. Aliomba ruhusa ya kupita, kwa niaba ya watu wa Combe. Akasema alifanya hivyo kila mwaka kwa marehemu Bwana Loder. Mteja wangu hakulishika jina lake. Unamjua mzee huyo?"

"Simjui," walisema. Na kweli hawakumjua. Perce alipoulizwa alisema, "Huyo si wa Combe. Sisi hatuna adabu kiasi hicho." Ukumbi ukacheka, hata mkaguzi akacheka ndani ya kitambaa chake.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Olive alinibana kiwiko nilipopita. "Fupi fupi," alisema.

Nilieleza kuhusu Jumapili zetu na kaburi. Mkaguzi aliniuliza kama nahitaji maji. Kisha wakili akasimama, akaja mpaka kwenye kiti changu, akanipa fimbo mkononi. Nadhani alifanya hivyo bila kuwaza. Alikuwa amechoka, naye alikuwa na treni ya kuwahi.

"Bibi Stickland, unamjua mtu aliyeleta hii?"

Niliishika. Clem alikuwa na desturi ya kuchimba kishimo kidogo pembeni ya kishikio, mahali pa dole gumba. Dole langu liliingia lenyewe. Chini yake palikuwa na 2000, sifuri zake tatu zikiwa zimepinda kidogo, kwa sababu mwaka ule mikono yake ilishaanza kutetemeka.

Nilijua jibu la kunirudishia njia. Lilikuwa neno moja, wenzangu wote walikuwa wameshalisema, na kwangu tu ndiko lingekuwa uongo. Aliyekufa asingenipinga. Nilimwona Olive ameinama mbele, midomo yake inalitengeneza neno lile ili anisaidie. Na nilifikiria kwamba nikilisema, basi hakuna mtu aliyekwenda mlangoni kwa Loder. Hakuna trekta. Hakuna aliyelifuta jiwe theluji.

"Ni mume wangu," nilisema.

Olive akaegemea nyuma kwenye kiti chake.

"Alifanya hivyo mara ngapi?" wakili akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Kila mwaka tangu 1964."

"Na alisema anaomba kwa niaba ya nani?"

"Watu wa Combe."

"Asante, Bibi Stickland. Sina swali jingine."

Mkaguzi aliniuliza kama nataka kuongeza kitu. Nilitaka kueleza kuhusu theluji, nikafungua kinywa, nikakuta haiwezekani kuieleza mbele ya watu waliovaa makoti. Nikasema hapana. Nilipotaka kumrudishia wakili fimbo alitikisa kichwa. "Kaa nayo, mama," akasema.

Nje, Olive alinisubiri karibu na ubao wa matangazo.

"Ungesema humjui."

"Nilikuwa namjua, Olive."

"Watu thelathini na mmoja, Thirza! Watoto wa watoto wetu! Neno moja tu, na hata mkaguzi alikuwa upande wetu, umemwona."

"Nimemwona."

"Na huyo Clem wako." Hapo sauti yake ilivunjika, maana alimpenda Clem kama ndugu. "Nani alimtuma? Nani Combe alimtuma akatuombee kilicho chetu?"

Perce alimshika mkewe begani, akanitazama kama anayetaka kutania asipate neno, wakaenda zao.

Uamuzi ulikuja wiki mbili kabla ya Krismasi, kurasa kumi na saba. Olive aliubandika kwenye mlango wa duka bila kuongeza kitu. Ulisema watu wa Combe walipita kwa miaka mingi na kwa wema, lakini walipita kwa ruhusa iliyoombwa na kutolewa kila mwaka, na njia ya namna hiyo mwenyewe anaweza kuifunga. Ulisema pia kwamba jina la kilima linaweza kuwa na asili nyingine. Nilisimama nje ya duka nikasoma zote kumi na saba, na hakuna aliyetoka kuniambia niingie.

Sasa dukani nahudumiwa. Olive ananiuliza nataka nini, ananipa, ananishukuru. Zamani nilikuwa nikienda kununua chumvi nakaa saa nzima.

Februari mbili nilivaa nguo ya kanisani, nikachukua ile fimbo, nikaenda mlangoni kwa Bwana Tresham. Sijui kama nilikwenda kwa ajili ya Clem au kwa ajili ya magoti yangu. Alifungua mwenyewe. Si mtu mbaya, na Clem alisema kweli, ni muungwana. Mbwa wake walininusa viatu.

Nilisema, "Bwana Tresham, watu wa Combe wanaomba ruhusa ya kupita kilimani mwaka huu."

Aliitazama fimbo. "Bibi Stickland, wewe nakuruhusu kwa moyo wote. Ulisema kweli kwa hasara yako, na sisahau. Wengine hapana. Nikiwafungulia wote, baada ya miaka ishirini nitakuwa na kikao kingine."

"Mume wangu aliomba kwa wote."

"Najua," alisema. "Lakini mimi si Loder."

Mvua ilikuwa inaanza. Nilifikiria maili saba na malori. Nikasema asante. Nikampa fimbo, naye akaipokea kwa mikono miwili bila kujua aiweke wapi.

Siku tatu baadaye nilipata barua na ufunguo. Jumapili tu, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, isipokuwa siku za kuwinda ndege. Bila mbwa, na bila mtu wa kufuatana nami.

Kwa hiyo ninakwenda. Nafungua kufuli, napita, nalifunga nyuma yangu, na dirisha la juu la Olive linaangalia geti lile moja kwa moja. Napanda kwenye heseli zisizokatwa tena, nafika kwenye chaki. Njia inajifunga. Nilidhani itachukua miaka, lakini majira mawili ya mvua yametosha. Nyasi zimeingia kutoka pande zote mbili, na mahali palipopitisha wanaume sita na jeneza sasa panatosha miguu yangu. Mtu mmoja hawezi kuitunza njia. Kuna mahali karibu na handaki kondoo wamechora njia zao zinazokatiza yetu, na siku ya ukungu nilizifuata hizo nikapotea, mimi niliyezaliwa hapa.

Kwenye jiwe huwa nasimama. Sina mzigo, ila maua na chupa ya maji, lakini naviweka chini kidogo. Kisha nateremka Amery kwa Clem na Ruth, nang'oa magugu, nawaambia nani amezaa na nani anaumwa Combe, yale machache ninayoyasikia siku hizi. Saa saba kasoro naanza kurudi, nisije nikapitisha saa yangu.

Fimbo ya mwaka ujao nimeshaikata. Imepinda, na tarakimu nimezichonga vibaya. Nitavaa nguo ya kanisani nikagonge mlango ule. Nitaomba kwa niaba ya watu wa Combe, naye atanipa mimi tu.